Njano ya Yuda, njano ya Petro

Jumamosi Kuu asubuhi tulikuwa kanisani tukipamba kwa ajili ya kesha. Kijana mmoja wa kwaya akaingia na mita kumi za satini ya njano begani, akataka tuizungushe altareni na kwenye mimbari. Katekista akamwambia rangi ya usiku ule ni nyeupe. Kijana akatoa simu, akatuonyesha ile orodha inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila Kwaresima: nyekundu ni damu ya Yesu, zambarau ni ufalme, kijani ni uzima, njano ni furaha.

"Imeandikwa hapa, mwalimu. Au Pasaka si furaha?"

Bibi mmoja aliyekuwa akichambua maua kwenye benchi la mbele, aliyevuka miaka 80 siku nyingi, akainua uso. "Mjukuu wangu, sisi tulipokuwa wasichana mshumaa wa njano ulikuwa wa maiti. Ukiikuta mishumaa ya njano inawaka, unajua mbele kuna jeneza."

Tukanyamaza. Kijana alidhani bibi amechanganya mambo, nami nusura nidhani hivyo. Hakuchanganya. Mishumaa ya kanisa ilitengenezwa kwa nta ya nyuki, na nta ikitoka mzingani, kama hii ya Tabora tunayoifahamu, ina umanjano wake. Kwa sikukuu ilianikwa juani mpaka ikapauka, ikawa nyeupe. Kwa misa ya wafu, na kwa zile sala za Juma Kuu ambapo mishumaa huzimwa mmoja baada ya mwingine mpaka kanisa likabaki gizani, nta iliachwa kama ilivyotoka kwa nyuki. Hiyo ndiyo desturi ya Kanisa la Kilatini aliyoikuta bibi utotoni, kabla ya mabadiliko ya liturujia yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa mwaka 1962 hadi 1965. Njano ilikuwa rangi ya nta ambayo hakuna aliyejisumbua kuipamba, kwa sababu nyumba ina msiba.

Maneno ya bibi yamenikaa, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Tumezoea kuambiwa kwamba katika Ukristo njano ni furaha, kama vile kuna siku mababa wa Kanisa walikaa wakapitisha azimio. Hawakupitisha. Furaha ya njano ipo kweli, na nimeipata mahali ambapo sikuitarajia, lakini haikutoka kwenye orodha. Anayeipokea kutoka kwenye orodha huikosa ile sehemu yake yenye uzito, na wakati huohuo hafahamu madoa ambayo rangi hii imebeba kwa mikono ya Wakristo wenyewe.

Kwenye vitabu vya ibada hatutakaa sana. Misale ya Kirumi inataja nyeupe, nyekundu, kijani, zambarau, nyeusi na waridi. Njano haimo. Kasula, vazi la juu la padri kwenye misa, ikifumwa kwa nyuzi za dhahabu huvaliwa siku za sherehe kubwa, lakini huvaliwa kwa sababu ni ya thamani, si kwa sababu ni ya njano. Na rangi ambayo Kanisa limeifunga moja kwa moja na neno "furahini" ni waridi: huvaliwa Dominika ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima, zile zinazoitwa Gaudete na Laetare, na majina yote mawili ni amri ya kufurahi. Kardinali Lotario, kabla hajawa Papa Innocent III mwaka 1198, aliandika ufafanuzi wa rangi za misa ambao uliongoza Kanisa la Magharibi kwa muda mrefu. Alipofika kwenye rangi ya zafarani hakuipa nafasi yake. Aliihesabu chini ya kijani, akaendelea.

Biblia nayo ina uchoyo na njano. Dhahabu imejaa tele, kuanzia Sanduku la Agano hadi ule mji wa Ufunuo sura ya 21 ambao ni dhahabu safi kama kioo. Lakini dhahabu hiyohiyo, sura chache tu baada ya Sanduku kuelekezwa katika kitabu cha Kutoka, inayeyushwa ikawa ndama. Ukitafuta njano kama rangi tu, isiyo madini, utajikuta Walawi sura ya 13, ambako kuhani anaagizwa amkague mtu mwenye kipele kichwani au kidevuni: akiona nywele zimekuwa nyembamba na za manjano, amtangaze kuwa najisi. Hapo njano ni dalili ya ugonjwa.

Waswahili hatuwezi kushangaa. Lugha yetu ina rangi tatu tu zenye vivumishi vyake vya asili: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine nyingi tumeziomba kwa vitu. Kijani tumekipata kwenye majani, kijivu kwenye jivu, zambarau kwenye tunda, na manjano kwenye kile kizizi kinachotiwa kwenye mchuzi na pilau ya watu wengine. Aliyewahi kumenya manjano mabichi anajua yanavyong'ang'ania: vidole hubaki na rangi siku mbili, sabuni haifui dafu. Pwani biharusi husingwa kwa liwa na manjano ili ngozi ing'ae. Na lugha hiyohiyo inasema homa ya manjano, na mama akiona macho ya mtoto yamegeuka njano haimbi, anakimbia hospitali. Biharusi na mgonjwa wa ini wameshirikiana neno moja, na hakuna Mswahili aliyewahi kuona shida. Tunajua kwamba rangi hupata maana kwa kitu kilichoibeba.

Sasa nifike mahali penye maumivu. Innocent III yuleyule aliyeipita njano bila kuijali aliongoza, mwaka 1215, Mtaguso wa Nne wa Laterano. Kanuni ya 68 ya mtaguso huo iliagiza Wayahudi na Waislamu waishio katika nchi za Kikristo watofautishwe na wengine kwa mavazi. Mtaguso haukutaja rangi. Watawala walijaza wenyewe, na mara kwa mara walichagua njano. Mwaka 1275 Mfalme Edward I wa Uingereza aliamuru kila Myahudi aliyetimiza miaka 7 avae kwenye nguo yake ya juu kipande cha kitambaa cha njano, chenye umbo la zile mbao mbili za Amri Kumi. Watoto wa miaka 7 walishonewa Amri za Mungu kama alama ya aibu, na walioshona walikuwa Wakristo. Kusini mwa Ufaransa, katika karne hiyohiyo, Wakathari, kundi lililohesabiwa kuwa la wazushi, walipotubu mbele ya wapelelezi wa imani walivalishwa misalaba ya njano, nayo ilikuwa adhabu. Hispania ikaja na vazi la njano la kuwaanika waliohukumiwa. Na Septemba 1941, Ujerumani ya Hitler ilipoamuru kila Myahudi aliyefikisha miaka 6 avae nyota ya njano kifuani, rangi hiyo haikubuniwa na Manazi. Waliikuta tayari, imezoeleka machoni pa Ulaya kwa miaka zaidi ya 600.

Nimejiuliza kama ni haki kuleta habari hizi kwenye mazungumzo ya mapambo ya Pasaka. Naona ni haki. Ibada zetu za Juma Kuu ndizo zilizokuwa zikichochea chuki hiyo, na mtu aliyevalishwa njano Ijumaa Kuu alikuwa na sababu ya kujifungia ndani. Mkristo akisema mbele ya historia hiyo kwamba njano ni furaha, bila nyongeza yoyote, anazungumza kama mtu ambaye hajawahi kuvalishwa.

Yuda naye alivalishwa. Katika mji wa Padova, Italia, kuna kanisa dogo la familia ya Scrovegni ambalo Giotto alilichora kuta zote, akamaliza karibu mwaka 1305. Kwenye ukuta mmoja kuna usiku wa Gethsemane. Juu kumejaa mikuki, marungu na mienge. Katikati Yuda ameinua mkono kumkumbatia Yesu, na joho lake limefunguka kama bawa, likamfunika Bwana karibu mwili mzima. Joho hilo ni la njano. Njano pana kuliko kitu kingine chochote pale, jicho haliwezi kulikwepa. Kisha, ukiangalia kwa utulivu, unaona njano ya pili. Nyuma ya kichwa cha Yesu kuna duara la dhahabu, dogo ukililinganisha na joho, na ndicho kitu pekee cha Yesu ambacho joho halikukifunika, pamoja na uso wake. Yesu anamtazama Yuda machoni, kwa karibu, hajageuza kichwa.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi, kwenye kitabu na kwenye skrini, na kila mara huishia palepale. Mchoraji ameweka njano mbili, na tofauti yao hailetwi na rangi. Moja inafunika, nyingine inang'aa. Kiini cha hoja yangu kimo humo, na hakuna orodha inayoweza kukibeba.

Wachoraji haohao wa Ulaya walimvalisha njano mtu mwingine. Petro, kwa karne na karne, amechorwa akiwa na joho la njano juu ya kanzu ya buluu. Ukiona mzee mwenye ndevu fupi za mvi na joho hilo katikati ya mitume, huhitaji kuulizia jina. Masaccio alimchora hivyo Firenze miaka ya 1420. El Greco alimrudia tena na tena. Kazi yake ya Petro akilia, aliyoianza miaka ya 1580 na ambayo ya awali kabisa iko Bowes Museum huko Uingereza, inamwonyesha mtume ameinua macho yaliyolowa, mikono imefumbatana, joho la njano limemwangukia mikononi. Nyuma yake, kwa mbali, kuna kitu kidogo ambacho mtu mwenye haraka hukikosa: kaburi lililo wazi, malaika, na Maria Magdalena anayeondoka pale kwenda kutoa habari.

Watu wawili waliomwangusha Bwana usiku mmoja, wote wawili katika njano. Mmoja alikwenda na uchungu wake peke yake. Mwingine jogoo aliwika akatoka nje akalia, akabaki hai hadi asubuhi ya Dominika. "Huenda kilio huja kukaa usiku, lakini asubuhi huwa furaha," inasema Zaburi ya 30, na nadhani El Greco alichora mstari huo kuliko alivyochora mtu. Njano ya Petro si ya furaha bado. Ni ya mtu aliyelia na ambaye habari njema iko njiani, mgongoni kwake, na yeye hajageuka kuiona.

Mtu ataniuliza: na bendera ya Papa je, ile ya njano na nyeupe tunayoitundika parokiani kila askofu akija, iliyopepea Tanzania Septemba 1990 alipotutembelea Yohane Paulo II na Nairobi Novemba 2015 alipofika Fransisko? Si rangi ya shangwe? Kwa sisi tuliosimama barabarani ni ya shangwe, ndiyo. Lakini ilizaliwa mwaka 1808, majeshi ya Napoleon yakiwa yameikalia Roma. Rangi za Papa wakati huo zilikuwa njano na nyekundu, na wanajeshi wake walipoanza kuingizwa katika jeshi la Wafaransa huku wakibaki na alama hiyohiyo, Pius VII aliwaagiza waliobaki waaminifu kwake wavae njano na nyeupe ili wajulikane. Mwaka uliofuata akakamatwa, akakaa mikononi mwa Wafaransa hadi 1814. Bendera ya taifa la Vatikano ilikuja 1929, lakini mbegu yake ilipandwa na mzee aliyekuwa akingoja kuchukuliwa.

Kwa hiyo njano ya furaha iko wapi? Kwangu mimi iko karibu kuliko Roma. Iko ng'ambo ya Moyale.

Kwenye nyanda za juu za Ethiopia mvua kubwa huanza Juni na kunyesha hadi Septemba. Aliyepitisha masika miteremko ya Kilimanjaro anaweza kukisia: miezi mitatu ya ukungu, nguo zisizokauka, njia zilizokatika, ghala la mavuno ya mwaka jana linalopungua huku shamba likiwa bado bichi. Ndipo, mvua inapoanza kukonda, hutokea ua moja la porini, Adey Abeba, jamaa wa mbali wa alizeti lakini dogo, lenye petali za njano iliyokolea. Halipandwi na mtu. Linaota kando ya mashamba, kwenye miteremko, katikati ya mawe, na kwa majuma machache milima iliyokuwa ya kijani kizito inageuka njano. Kisha linakwisha, na halirudi mpaka mwaka mwingine.

Mwaka Mpya wa Waethiopia, Enkutatash, huangukia tarehe 11 Septemba, na wasichana hupita nyumba hadi nyumba wakiimba na mafungu ya maua hayo mikononi. Siku 16 baadaye, tarehe 27, ni Meskel, sikukuu ya kupatikana kwa Msalaba wa Kweli, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2013 katika orodha yake ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Simulizi la Kanisa la Tewahedo, yaani Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, linasema Malkia Eleni, mama yake Konstantino, alipokuwa akiutafuta Msalaba Yerusalemu katika karne ya nne, alielekezwa awashe moto, na moshi ukamwonyesha mahali pa kuchimba. Msalaba ulikuwa umefukiwa chini ya takataka.

Jioni ya kuamkia Meskel huinuliwa Demera: miti mirefu iliyosimamishwa na kufungwa pamoja kama hema, msalaba juu, na kuzunguka kileleni mafungu ya Adey Abeba. Kwenye uwanja wa Meskel jijini Addis Ababa umati wa watu waliovaa nyeupe hujaa, makasisi wakiwa chini ya miavuli iliyotariziwa, mashemasi wakiimba kwa ngoma na kayamba za chuma. Huizunguka Demera, na giza likikaribia huwashwa. Watu hutazama inaangukia upande gani, maana wapo wanaousoma mwaka ujao kutokana na hilo.

Hapo njano ni furaha, nalisema bila kusita. Inastahili jina hilo kwa sababu watu wamengoja. Hakuna askofu aliyeagiza Adey Abeba liwe alama; lilikuwa likichanua kwenye milima ile kabla Mfalme Ezana wa Aksum, ufalme wa kale wa huko, hajaupokea Ukristo katika karne ya nne, na Kanisa lilipofika lilikuwa na hekima ya kutoligombeza. Mkulima aliliona akajua hatakufa na njaa mwaka huu. Kasisi aliliona akakumbuka kitu kilichokaa ardhini kikatoka. Furaha hizo mbili hazikuhitaji kufasiriana. Wala Waethiopia hawadai kwamba kila kitu cha njano ni cha furaha; wanalipenda ua hili, katika majuma haya, baada ya mvua hizi.

Ndiyo maana, tulipobishana Jumamosi ile, nilimwomba katekista turuhusu satini ya kijana iwekwe chini, kwenye kinara cha Mshumaa wa Pasaka, na altare ibaki nyeupe. Alikubali. Usiku, Mbiu ya Pasaka ilipofika pale inapoisifu kazi ya nyuki, nilimwona bibi akiutazama mshumaa. Nilitamani yule kijana aketi naye siku moja amsimulie juu ya jeneza na mishumaa ya njano, kisha watoto wa Utoto Mtakatifu wasimuliwe juu ya joho la Yuda, juu ya Petro, juu ya watoto wa miaka 7 waliovalishwa na Wakristo. Wasifundishwe "njano ni furaha" kama jedwali la kuzidisha. Wakishasimuliwa, wapewe maua ya njano wayapeleke altareni wenyewe, wakiwa wanajua wanachokibeba.

Asubuhi ya Meskel, Demera ikiwa imekwisha kuungua, watu hurudi pale ilipoanguka. Huchovya kidole kwenye jivu na mkaa, wakajichora msalaba kwenye paji la uso, wakamchora na mtoto aliyebebwa mgongoni. Mafungu ya Adey Abeba yaliyokuwa kileleni yamo humo humo kwenye jivu. Milimani yaliyobaki yanaendelea kuchanua kwa muda kidogo, kisha yananyauka, na shayiri inaanza kuiva.